Juu ya Kuhesabu Ukoo



Katika nchi ya Marekani Wayahudi wengi wanayo desturi moja iliyonifikirisha sana, nami nimeona vema kuileta mbele yenu. Ndugu wa ukoo mmoja, waliotawanyika katika miji mingi, hupatana siku moja katika majira ya joto, wakakutana mahali pamoja, wazee kwa watoto wachanga. Ukutani hubandikwa karatasi ndefu yenye majina ya mababu, mlango kwa mlango, toka yule wa kwanza aliyevuka bahari hata mtoto aliyezaliwa mwaka huu. Kila mtu hutafuta jina lake, kisha hufuata mstari kwa kidole mpaka afike kwa babu wa babu yake. Watu ambao asubuhi walipitana bila kujuana, jioni huitana binamu. Wala jambo hili si jipya kwao. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, koo nyingi za Kiyahudi mjini New York zilikuwa na vyama vya jamaa, vyenye mwenyekiti na mtunza fedha, vilivyowakopesha wenye shida na kununua mahali pa kuwazika wafu wao.

Basi, neno ninalotaka tulipime ni hili: kazi hii ya kuhesabu ukoo, je, ni njema? Mtu atajibu upesi, "Ni njema, maana mwacha asili ni mtumwa." Lakini jambo hili lina pande mbili, na upande wake wa pili unatisha. Kwa hiyo tusikimbilie kujibu. Na tujue kwanza jinsi koo hizo zilivyotawanyika, na jinsi zinavyojitafuta.

Walio wengi katika Wayahudi wa Marekani ni wazao wa watu waliotoka mashariki ya Ulaya. Katika dola ya Urusi Wayahudi walilazimishwa kukaa katika majimbo ya magharibi, isipokuwa wachache waliopewa ruhusa. Mwaka wa 1881 Kaizari Alexander wa Pili aliuawa kwa bomu. Uvumi ukaenea kwamba Wayahudi ndio wenye hatia, na makundi ya watu yakaingia katika mitaa yao, yakivunja nyumba na maduka na kuwapiga wenyeji wake. Mwaka uliofuata zikatolewa sheria za kuwabana zaidi, wasihamie vijijini wala kununua mashamba. Mwaka wa 1903, katika mji wa Kishinev, Wayahudi wapatao 49 waliuawa wakati wa sikukuu ya Pasaka. Pamoja na hofu hiyo kulikuwa na umaskini mkubwa, maana watu walikuwa wengi na kazi zilikuwa chache. Ndiyo sababu kati ya mwaka wa 1881 na mwaka wa 1924 Wayahudi wapatao milioni 2 walihamia Marekani.

Mara nyingi baba alitangulia peke yake. Alikwenda kwa gari la moshi hata mpakani, akafika Hamburg au Bremen, akapanda meli katika daraja la chini kabisa. Tangu mwaka wa 1892 wengi wao walipokewa Ellis Island, kisiwa kidogo katika bandari ya New York, ambako waganga waliwapima na makarani waliwahoji. Baada ya hayo mtu yule alishona nguo kwa cherehani, au alichuuza vitu barabarani, akiweka senti juu ya senti mpaka apate nauli ya mkewe na watoto. Lakini si wote walioondoka. Wazazi waliokwisha kuzeeka walibaki, na dada aliyeolewa, na ndugu aliyesema, "Nitakuja mwakani." Mwaka wa 1924 Marekani ilitoa sheria iliyoufunga karibu mlango wote. Aliyekuwa akingoja mwakani, mwakani haukufika.

Sasa wajukuu na vitukuu wanatafuta. Wanaanzia wapi? Wengi wao walisimuliwa kwamba karani wa Ellis Island ndiye aliyelibadili jina la babu yao kwa kuwa hakuweza kulitamka. Sivyo. Karani yule alikuwa na orodha ya abiria mbele yake, iliyoandikwa kule meli ilikotoka, naye aliwaita watu kwa orodha hiyo. Waliobadili majina, kwa kawaida walijibadilia wenyewe baadaye, ili wapate kazi, au ili watoto wao wasichekwe shuleni. Kwa hiyo mtafutaji hana budi kurudi kwenye orodha za meli. Bandari ya Hamburg iliandika abiria wake toka mwaka wa 1850 hata 1934, na vitabu hivyo vingi viko hata leo, vikionyesha jina la abiria na mji alikotoka.

Tena kuna mawe ya makaburi. Katika makaburi ya Wayahudi mjini New York waweza kuona jiwe lenye maandishi ya namna mbili. Kwa Kiingereza limeandikwa jina jipya, lile la dukani na la kodi. Lakini kwa Kiebrania limeandikwa jina alilopewa utotoni, pamoja na jina la baba yake. Mtu aliyeacha jina lake miaka 40 alirudishiwa siku ya kuzikwa, na kwa neno hilo moja kitukuu chake humpata babu mwingine aliyekufa ng'ambo bila kuiona Marekani kamwe.

Njia nyingine ni majina ya watoto. Wayahudi waliotoka upande ule wa Ulaya huwaita watoto kwa majina ya jamaa waliokufa, wala hawampi mtoto jina la mtu aliye hai. Basi ikiwa binamu watatu, waliozaliwa katika nchi mbalimbali, wote wana jina moja, nao walizaliwa katika miaka michache inayofuatana, mtafutaji hujua kwamba kabla ya miaka ile alikufa mzee mwenye jina lile. Jina lilisafiri kuliko watu.

Hayo yote ni mazuri kuyasikia. Lakini sasa na tuutazame upande wa pili.

Mwaka wa 1933 Hitler alitwaa utawala wa Ujerumani. Mwaka ule ule ikatolewa sheria ya kuwaondoa watumishi wa serikali waliokuwa na asili ya Kiyahudi, na watu wakatakiwa kuleta hati za kuonyesha babu na bibi zao walikuwa nani. Mwaka wa 1935 zikafuata sheria nyingine, zilizotangazwa katika mji wa Nürnberg, na kanuni zake zikaamuru kwamba mtu mwenye babu na bibi watatu au wanne waliokuwa wa dini ya Kiyahudi ahesabiwe kuwa Myahudi, hata akiwa yeye mwenyewe amebatizwa. Je, habari za babu na bibi zilipatikana wapi? Nyingi zilitolewa katika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, vilivyotunzwa makanisani. Wachungaji na makarani wa makanisa, Walutheri pamoja na Wakatoliki, walivifungua vitabu vile, wakatafuta majina, wakaandika hati, wakatia muhuri. Kitabu kilichofanywa ili kuandika jina la mtoto aliyepokewa kikawa kitabu cha kumtoa mtu nje. Kwa wengi, mwisho wa njia ile ulikuwa kifo.

Hebu wafikirini watu wawili, wote wameinama juu ya ukurasa mmoja. Mmoja ni karani wa mwaka wa 1936. Wa pili ni kitukuu wa siku hizi aliyetoka Marekani kumtafuta babu yake. Wote wawili wanasoma jina lile lile na tarehe ile ile, na pengine bidii yao ni sawa. Tofauti yao ni nini, basi? Mimi naona ni swali walilokuja nalo. Wa kwanza anauliza, "Ni nani asiye wetu?" Wa pili anauliza, "Ni nani wetu tuliyemsahau?" Kuhesabu ukoo hakuna wema wala ubaya wake wenyewe, hupata wema au ubaya kwa swali linaloongoza mkono.

Mtu aliyezoea Maandiko atasema, "Lakini Mtume Paulo alimwonya Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho." Ni kweli, alimwonya, naye alikuwa na sababu. Watu walizitumia nasaba kwa kubishana na kujitukuza. Lakini Injili ya Mathayo yenyewe inaanza kwa nasaba. Tena iangalieni nasaba ile. Mwandishi angeweza kuwataja wanaume tu, kama ilivyokuwa desturi, wala hakuna mtu ambaye angemlaumu. Naye amewatia ndani Tamari, na Rahabu, na Ruthu Mmoabi, na mke wa Uria. Katika habari hizo mna aibu ya wakubwa na mna watu wa kabila nyingine. Hakuandika hivyo kwa kukosa majina bora. Paulo anaikataza nasaba ya majivuno, na Mathayo anatuonyesha nasaba ya kweli.

Hapo ndipo koo zinazokutana zinapopata shida, na shida hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu. Kwa maana kumtafuta babu aliyesahauliwa ni tamu hata siku unapompata si kama ulivyomtaka.

Nitatoa mfano mmoja uliotokea katika koo nyingi. Nimesema kwamba baba alitangulia, akaahidi kutuma nauli. Wako ambao hawakutuma. Wengine walioa tena Marekani kwa jina jipya; wengine waliwaleta wake zao, kisha wakawakimbia na kuwaacha na watoto katika chumba cha kupanga. Gazeti la Kiyahudi la New York lililoitwa Forverts lilikuwa likichapa picha za wanaume wa namna hiyo, pamoja na majina yao, ili wapate kutambuliwa. Na mwaka wa 1911 Wayahudi wenyewe walifanya ofisi maalum ya kuwatafuta waume waliotoroka. Waliona haya, lakini waliona kwamba njaa ya watoto ni kubwa kuliko haya yao.

Sasa, miaka 100 na zaidi imepita. Vitukuu wanatengeneza karatasi ya ukoo, na katika gazeti la kale mmoja wao anaiona picha ya babu mkubwa, yule aliyesifiwa nyumbani kuwa mtu shujaa aliyekuja na senti chache na kuanzisha duka. Wafanyeje? Wako watakaosema, "Tulifiche jambo hili. Amekufa, hawezi kujitetea. Tena limewadhuru nini watoto wetu?" Wengine watasema, "Tumfute kabisa, hastahili kuwa katika karatasi hii."

Nasema kwamba shauri zote mbili ni moja, ingawa zaonekana kupingana. Yule anayeficha na yule anayefuta, wote wanaulizana, "Ni nani asiye wetu?" Yule anayeficha humtoa nje yule mke aliyeachwa pamoja na watoto wake, maana habari yao haiwezi kuelezwa bila kuitaja habari ya mume. Walilala njaa zamani, na sasa wanaambiwa hawakuwapo. Naye anayefuta humtoa mume nje, akajidanganya kwamba damu yake haimo katika mwili wa mjukuu, na ya kwamba yeye mwenyewe hawezi kutenda vile. Lililo sawa ni gumu kuliko yote mawili: kuliandika jina la mume, na la mke wa kwanza, na la watoto wake, kila mmoja mahali pake, na kuwatafuta wazao wa mlango ule ulioachwa, na kuwaambia, "Njooni, hapa ni kwenu." Ukoo ukifanya hivyo, mkutano wake ni mkutano kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, nao ukoo unaoficha neno hulikuta limeota mizizi.

Lakini si kila kimya ni dharau. Hapa imetupasa kuwa waangalifu. Liko jambo la mama mmoja anayejulikana duniani kote, Madeleine Albright, aliyezaliwa Prague mwaka wa 1937. Wazazi wake walikimbilia Uingereza mwaka wa 1939, wakapokea ubatizo wa Kikatoliki mwaka wa 1941, na mwaka wa 1948 wakahamia Marekani. Alikua bila kuambiwa kwamba jamaa zake walikuwa Wayahudi. Mwaka wa 1997, alipokuwa na miaka 59, naye amekwisha kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, mwandishi wa gazeti alichunguza mambo ya ukoo wake. Ndipo alipofahamu kwamba babu na bibi zake watatu walikufa mikononi mwa watu wa Hitler. Mwaka ule ule alikwenda Prague katika sinagogi la Pinkas, ambalo kuta zake zimeandikwa majina ya Wayahudi wa nchi ile waliouawa, karibu 80,000. Akayakuta majina ya babu na bibi yake upande wa baba.

Je, wazazi wake walikosa? Mimi sitawahukumu. Mtu aliyetoroka na mtoto mikononi, akijua kwamba watu huuawa kwa ajili ya babu zao, ana sababu ya kunyamaza ambayo sisi tuliolala salama hatuwezi kuipima. Lakini kimya cha mzazi hakimwondolei mtoto deni. Mzazi alinyamaza ili mtoto aishi. Mtoto akiisha kuishi, na hatari ikiisha kupita, ni wajibu wake kuyasoma majina.

Kwa maana katika karatasi nyingi za ukoo upo upande ambao mistari yake yote inakoma katika miaka michache: 1941, 1942, 1943. Ni upande wa wale waliobaki ng'ambo, dada aliyeolewa, na ndugu aliyesema atakuja mwakani. Wayahudi waliouawa katika miaka ile wapata milioni 6. Huko Yerusalemu iko nyumba ya ukumbusho iitwayo Yad Vashem, iliyowekwa kwa sheria mwaka wa 1953, na jina lake limetoka katika sura ya 56 ya kitabu cha Isaya. Kazi yake mojawapo ni kukusanya majina ya wafu hao, moja moja. Ndugu au rafiki huandika karatasi moja kwa mtu mmoja: jina lake, wazazi wake, mji wake, kazi yake. Majina zaidi ya milioni 4 yamekwisha kukusanywa, na kazi haijamalizika, kwa sababu kuna watoto ambao watu wote waliowajua waliuawa pamoja nao. Waliowaua walitaka wasibaki hata kwa jina. Kwa hiyo binamu wawili wakiketi mezani katika mkutano wao na kusema, "Shangazi yako alikuwa na mtoto wa pili, aliitwa nani?" wanafanya kazi kubwa kuliko wanavyodhani.

Nisipofikisha maneno haya kwetu, nitakuwa kama yule anayeficha. Sisi nasi tu ukoo, na tunaitwa kwa jina la mzee mmoja, Martin Luther. Tunaimba nyimbo zake na kuwafundisha watoto Katekisimo yake, na tunafanya vema. Mwaka wa 1523 aliandika kwa upole juu ya Wayahudi. Lakini mwaka wa 1543 aliandika kitabu kingine, akashauri masinagogi yao yachomwe moto, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vya sala vichukuliwe, na walimu wao wakatazwe kufundisha. Wakati wa Hitler maneno hayo yalisomwa tena kwa furaha na watu wabaya. Mwaka wa 1984 Walutheri wa nchi zote walipokutana Budapest, walipokea tamko lililoyakataa maneno hayo waziwazi. Hawakulifuta jina la Luther, wala hawakuuficha ukurasa wake. Wamekiri kwamba mzee ni wetu, na kosa lake ni letu kulikataa.

Naandika hayo kwa sababu ya mzee mmoja wa mtaa wangu. Alinijia nimsaidie kuandika majina ya ukoo wake kwa ajili ya sikukuu ya jamaa. Tulipofika kwa ndugu yake mmoja alinishika mkono, akasema, "Hapo, mchungaji, tupite." Siku ile sikupata neno la kumwambia, nikapita. Usiku nilikumbuka kwamba ndugu yule alikuwa na watoto watatu, nao wangekuja sikukuuni kutafuta jina la baba yao kwa kidole.

Asubuhi nilimrudia mzee, nikamwambia niliyowaambia ninyi. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaileta karatasi, akaiweka mezani, akanipa kalamu.

Basi, ninyi walimu mnaotunza vitabu vya ubatizo, andikeni kwa wino mzuri. Mtoto akiletwa na mama peke yake, jina la mama liandikwe kwa ukamilifu, wala pasiandikwe neno la kumtia haya. Hamjui ni nani atakayekuja baada ya miaka 100 kukifungua kitabu hicho, wala ni swali gani atakalokuja nalo.